Udongo ni wa Nani? Sauti ya Wakulima katika Bunge, toka Irlandi hadi Katanga

Kasomeno ni njia panda. Mtu anayetoka Lubumbashi kwenda Kasenga hufika hapo, na hapo njia zinaachana: moja inaendelea mashariki mpaka mto Luapula, nyingine inapanda kaskazini kuelekea Kilwa na Pweto. Ni inchi ya mahindi na mihogo, na ya samaki wanaopita juu ya malori kwenda kulisha mji. Miaka hii ya karibuni jina la Kasomeno limeanza kutajwa mbali, kwa sababu ya barabara ya kulipia iliyopangwa kutoka hapo, kupita Kasenga na Chalwe, kuvuka Luapula kwa daraja, na kufika Mwenda katika Zambia. Kila mtu anajua maana yake. Barabara njema ikija, udongo wa kandokando unapata bei. Na udongo ukipata bei, watu wanaanza kuuliza neno ambalo mababu hawakuuliza siku zote walipolima pale: udongo huu ni wa nani?

Padri wa paroki ataulizwa. Katekista ataulizwa mbele yake, kwa sababu yeye anakaa kijijini. Ndiyo maana inafaa tujue historia ya jambo hili. Nataka kuieleza kwa njia ya wabunge wawili: Michael Davitt wa Irlandi, na Bakajika wa kwetu, ambaye jina lake limebaki juu ya sheria ya mwaka 1966. Wote wawili waliingiza shida ya udongo katika Bunge. Wote wawili walitaka kuutoa mkononi mwa mabwana wakaao mbali. Lakini mwisho wa habari ya Irlandi si mwisho wa habari yetu.

Wazee wa Katanga wanawajua Wairlandi. Waliwaona katika mavazi ya askari wa ONU tangu mwaka 1960. Tarehe 8 Novemba ya mwaka ule tisa kati yao waliuawa huko Niemba, na mwezi wa Septemba 1961 kikosi chao kilizingirwa Jadotville, mji tunaouita Likasi. Watu wachache walijua wakati ule kwamba vijana wale walitoka katika taifa la wakulima walionyang'anywa mashamba, tena taifa la Wakatoliki maskini, ambalo mapadri wake walikuwa watoto wa wakulima sawasawa na mapadri wengi wa kwetu.

Katika Irlandi ya karne ya 19, mkulima hakuwa mwenye shamba. Udongo ulikuwa wa mabwana wakubwa. Wengi wao walikaa Dublin au London, wakatuma msimamizi kukusanya kodi. Mkulima alijenga nyumba kwa mikono yake, akachimba mifereji, akaondoa mawe; siku aliposhindwa kulipa, polisi walifika, wakavunja paa, naye akatoka bila malipo ya kazi yake. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula cha maskini. Mpaka mwaka 1852 karibu watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na karibu milioni nyingine walihama. Nafaka na ng'ombe ziliendelea kutoka bandarini kwenda kuuzwa Uingereza, maana kodi lazima ilipwe.

Davitt alizaliwa katikati ya njaa hiyo, tarehe 25 Machi 1846, kijijini Straide, katika jimbo la Mayo. Mwaka 1850 jamaa yake walifukuzwa katika nyumba yao. Wakavuka bahari, wakafika Haslingden, mji wa viwanda vya pamba Uingereza. Mtoto akaingizwa kazini, na mwaka 1857, akiwa na miaka 11, mashine ilimkata mkono wa kuume. Mtoto wa mkono mmoja hana faida kiwandani. Basi akapelekwa shuleni. Maungo yake yaliharibika ndipo alipopata kusoma! Alipokuwa kijana alijiunga na watu waliotaka kuitoa Irlandi mikononi mwa Waingereza kwa silaha. Mwaka 1870 akahukumiwa miaka 15 ya kazi ngumu, akatumikia 7, akafunguliwa Desemba 1877.

Alirudi Mayo, akakuta mavuno mabaya na watu walewale wakingojea kufukuzwa. Tarehe 20 Aprili 1879 mkutano mkubwa ulifanyika Irishtown, kwa kazi yake na ya wenzake, ingawa yeye mwenyewe hakuwapo siku ile. Na walikusanyika juu ya nani? Msomaji mseminari asipite upesi hapa. Aliyedai kodi kwa ukali alikuwa padri, Kanoni Bourke, aliyeangalia mashamba ya ndugu yake marehemu. Baada ya mkutano kodi ilipunguzwa. Tarehe 21 Oktoba 1879 Chama cha Udongo cha Irlandi kikaanzishwa Dublin. Mwenyekiti wake alikuwa Parnell, mbunge, Mprotestanti, tena mwenye mashamba ya kukodisha; Davitt akawa mmoja wa waandishi wake.

Maaskofu waligawanyika. Barua ilitoka kwa jina la Askofu mkuu MacHale wa Tuam, mzee sana, kuwakataza waamini mkutano wa Westport. Askofu mkuu Croke wa Cashel alisimama upande wa wakulima. Askofu Nulty wa Meath alikwenda mbali kuliko wote: mwaka 1881 aliwaandikia mapadri na waamini wake kwamba udongo wa inchi ni mali ya watu wote wa inchi ile, kwa kuwa Mungu aliyeuumba amewapa wote. Katika mwaka wa kabla yake, huko Lough Mask, wakulima walikuwa wamekatana kabisa na msimamizi mmoja, Kapteni Boycott: hakuna wa kumvunia, hakuna wa kumuuzia mkate. Padri O'Malley, paroko wa pale, anahesabiwa miongoni mwa waliogeuza jina la mtu huyo kuwa neno, nalo limeingia katika kifaransa tunachosoma shuleni. Roma haikulipenda jambo hilo: mwaka 1888 Ofisi Takatifu ilikataza desturi hiyo pamoja na mpango wa kuzuia kodi. Wakulima wengi walisikia, wakaenda Misa kama kawaida, wakaendelea. Mimi naona mapadri waliobaki karibu na watu wakati ule, bila kuasi na bila kuwatupa watu, waliiokoa imani ya Irlandi kuliko barua nyingi.

Katika Bunge la London, wabunge wa Irlandi walikuwa wachache kati ya Waingereza wengi, lakini walijua kuchelewesha mashauri kwa maneno marefu mpaka wasikilizwe. Mwaka 1881 serikali ya Gladstone ilikubali mambo matatu: kodi ya haki itakayowekwa na baraza la hukumu, mkulima anayelipa asifukuzwe, na akitoka aweze kuuza haki yake kwa mwingine. Ulikuwa ushindi. Lakini Davitt hakuridhika, na hapo tunafika kwenye kiini cha habari yake.

Mwaka 1882 alitangaza wazo lake: mabwana waondolewe, na udongo wote uwe mali ya serikali kwa ajili ya taifa zima, mkulima alime na kulipa kodi yake kwa hazina ya wote. Wazo lilikuwa na haki ndani yake, na mtu aliyeathiriwa na Davitt hawezi kulicheka. Hata hivyo Parnell alilikataa, na wakulima wenyewe walilikataa zaidi. Mtu wa Mayo hakutaka kuacha bwana mmoja ili apate bwana mwingine mwenye nguvu kuliko wa kwanza, mwenye askari, mwenye mahakimu. Alitaka jina lake mwenyewe juu ya karatasi. Davitt hakuligeuza wazo lake mpaka kufa, wala hakuwachukia kwa kumkatalia.

Kuingia kwake Bungeni kulikuwa na shida. Mwaka 1882 Meath walimchagua akiwa gerezani, uchaguzi ukafutwa. Mwaka 1892 alichaguliwa tena katika Meath ya Kaskazini, nao mahakimu wakaufuta, kwa sababu mapadri wa Askofu Nulty waliwabana watu mno wamchague. Nalitaja hili kwa makusudi: walimpenda mtu wa wakulima, wakamharibia kiti chake. Tangu mwaka 1895 alikaa kama mbunge wa Mayo ya Kusini. Viazi vilipooza tena mwaka 1897, alisema juu ya dhiki ya watu wa magharibi mbele ya mawaziri ambao hawajapata kushika jembe. Mwaka 1899 alijiuzulu kwa kuchukizwa na vita ya Waingereza juu ya Maburu wa Afrika ya Kusini.

Mwaka 1903 ilitoka sheria iliyomaliza jambo. Serikali iliwakopesha wakulima fedha za kununua mashamba kwa mabwana, nao walipe kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu. Davitt aliilaumu, akisema mabwana wanapewa fedha nyingi mno kwa kitu walichokipata kwa kunyang'anya. Alisema kweli. Lakini wakulima waliishika kwa mikono miwili, na katika miaka michache sehemu kubwa ya mashamba ya Irlandi ilikuwa imeandikwa kwa majina ya wale wanaoyalima. Davitt alikufa tarehe 30 Mei 1906.

Sasa tutazame tarehe. Siku nne mbele ya kifo hicho, tarehe 26 Mei 1906, Ukulu Mtakatifu na Inchi Huru ya Kongo walipatana juu ya misioni: kila misioni ipewe hekta 100, hata 200 ikihitajika, bure na kwa siku zote, nayo ifanye shule. Siku nne baada ya kifo, tarehe 3 Juni, Mfalme Leopold II alitia sahihi dekreti juu ya udongo wa wenyeji. Wakati mkulima wa Mayo anapata karatasi yake, mkulima wa Luapula alikuwa anapimiwa mpaka na watu asiowajua.

Mwanzo wa hayo ulikuwa tarehe 1 Julai 1885. Ordonansi ya Bulamatari ilisema kwamba udongo usiokaliwa na mtu ni mali ya Leta. Neno hilo, «usiokaliwa», lilikuwa mtego. Watu wa Luapula walilima chitemene: wakakata matawi, wakayachoma, wakapanda ulezi juu ya majivu, kisha baada ya miaka michache wakaliacha shamba miaka mingi mpaka miti irudi. Katika pori lilelile walichuma uyoga na viwavi, wakarina asali, wakachimba dawa, wakazika wafu wao. Mzungu alipita, akaona miti tu, akaandika: hakuna mtu. Dekreti ya 1906 ililegeza kidogo: udongo wa wenyeji ni ule wanaoukaa, kuulima au kuutumia kwa namna yoyote kadiri ya desturi zao, na sehemu yao iliweza kuongezwa hata mara tatu. Maneno mazuri. Tutayakuta tena.

Katanga ilikuwa na neno lake zaidi. Mwaka 1891, mwaka ule Msiri alipouawa Bunkeya, Kompanyi ya Katanga iliundwa ikaahidiwa theluthi moja ya udongo. Kwa kuwa kugawanya pori lote hilo kulikuwa kazi ngumu, tarehe 19 Juni 1900 waliunda Halmashauri ya Pekee ya Katanga, ile watu waliita CSK: theluthi mbili kwa Leta, moja kwa Kompanyi, vyote chini ya ofisi moja. Ndiyo iliyogawa machimbo, viwanja vya mji na mashamba ya wageni. Sultani wa kijiji hakuwa na kiti humo.

Je, hakuna aliyesema? Walikuwapo. Katika Bunge la Brussels Émile Vandervelde, msosialisti, mtu asiye wa Kanisa, aliuliza maswali makali mwaka 1906. Mwaka uleule Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti, mwalimu wa maadili huko Leuven, alitoa kitabu juu ya swali la Kongo, akaipima haki ya Leta juu ya udongo kwa mizani ya theolojia, akaiona pungufu. Wabunge wengi wa chama cha Wakatoliki wakati ule walikuwa upande wa Mfalme. Kwa hiyo kitabu chake kilihitaji moyo. Lakini angalieni tofauti: Davitt alifukuzwa yeye mwenyewe katika shamba, ndipo akasema. Juu yetu walisema wengine. Toka 1908 mpaka 1960 hakuna mkulima wa Kongo aliyekaa katika Bunge lililotunga sheria za shamba lake. Bunge hilo halikumzuia Edmond Leplae, mkubwa wa kilimo katika Wizara ya Makoloni, kuleta mazao ya lazima mwaka 1917. Na baadaye, mwaka 1933, siku za kazi hiyo zikawekwa 60 kwa mwaka. Mkulima aliambiwa apande nini na auze wapi.

CSK ilivunjwa Juni 1960, siku chache mbele ya uhuru. Kisha Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai, na mpaka Januari 1963 vita ilifunika mashauri yote ya udongo. Kompanyi nyingi ziliendelea kushika hati walizopewa na wakoloni, kana kwamba tarehe 30 Juni haikupita. Ndipo sheria yenye jina la mbunge Bakajika ilipokuja. Ilitiwa sahihi tarehe 7 Juni 1966 kama ordonansi, maana Jenerali Mobutu alikuwa ametwaa utawala tangu tarehe 24 Novemba 1965. Ilisema: Jamhuri inarudishiwa haki yake kamili juu ya udongo, misitu na madini, konsesio zote za mbele ya uhuru zinarudi kwa Leta, anayetaka kuendelea aombe upya. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikachukuliwa na Leta. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mtu asiyeelewa furaha ile hajui maana ya kuambiwa katika inchi yako kwamba pori la babu yako ni mali ya watu wenye hisa huko Brussels.

Ila tuulize swali la mtu wa Mayo. Udongo ulitoka mkononi mwa kompanyi. Uliingia mkononi mwa nani? Mwa Leta. Wazo ambalo wakulima wa Irlandi walimkatalia Davitt, huku lilishinda, na mkulima hakuulizwa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ililikaza: katika kifungu cha 53, udongo ni mali ya Leta pekee, wala hauwezi kuuzwa. Kifungu cha 387 kikatia hata udongo wa vijiji katika mali hiyo. Kifungu cha 388 kinaeleza udongo wa vijiji ni upi: ule ambao watu wanaukaa, wanaulima au wanautumia kwa namna yoyote kadiri ya desturi. Ndugu msomaji, ni karibu maneno yaleyale ya Leopold II ya mwaka 1906. Na haki za watu juu ya udongo huo? Kifungu cha 389 kilisema zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka ikapita, kumi, ishirini, thelathini, na ordonansi ile haikutoka. Mkulima akakaa juu ya shamba lake kama mgeni anayengojea barua.

Siwezi kumlaumu Bakajika kwa yote yaliyofuata. Sheria yake ilipiga mahali pa haki. Tatizo ni kwamba kazi ilisimama nusu ya njia, na nusu iliyobaki ndiyo ya mkulima. Mwenye fedha wa mjini alijua njia ya ofisi; alipata konsesio, akarudi na hati, akawakuta watu katika pori lililoandikwa kwamba ni wazi. Neno la 1885 lilikuwa hai, ila sasa lilisemwa na ndugu mweusi.

Baba Mtakatifu Leo XIII, tarehe 15 Mei 1891, aliandika katika Rerum Novarum kwamba mtu ana haki ya asili ya kumiliki, na kwamba yeye aliyelima udongo ameacha ndani yake kama alama ya nafsi yake. Aliandika hayo wakati mawazo ya kuutia udongo wote mkononi mwa serikali yalikuwa na nguvu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikaza upande wa pili: vitu vya dunia ni kwa ajili ya wote. Waseminari wanabishana mara nyingi ni upande gani unaomfaa mkulima wetu. Nafikiri desturi ya kijiji inashika yote mawili: pori ni la ukoo wote, shamba ni la aliyelifyeka. Kilichokosekana ni sheria ya kuyaandika.

Wabunge wamejaribu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inakubali kwamba kila jumuiya ya kijiji ina haki za desturi juu ya udongo wake, ikizitumia pamoja au mtu kwa mtu. Hiyo ni hatua kubwa kuliko watu wanavyodhani, na makatekista wangefanya vema kuieleza.

Tena kuna jambo moja katika sheria ileile ya 1973 ambalo vijiji havilijui. Konsesio ya shamba haitolewi hivi hivi tu. Lazima kwanza uchunguzi ufanyike mahali penyewe. Anayeufanya lazima atembee mipaka, aandike watu aliowakuta wanakaa au kulima pale, na awasikilize wenye madai, hata wakisema kwa mdomo tu bila karatasi. Mara nyingi uchunguzi huo hufanyika barazani kwa sultani, kwa chupa moja na sahihi moja, na wanawake wenye mashamba ya mihogo hawajui hata siku. Lakini sheria inataka wasikilizwe, na majina yao yaandikwe. Paroki nazo, zenye hekta zao za tangu 1906, mara nyingine zina mipaka inayogusa mashamba hayohayo. Hapo padri naye ni mmoja wa watakaoulizwa, na Kanoni Bourke alikuwa padri.